Nilivyojua kama mshahara wangu umepanda kweli

Desemba 2022 nilikuwa nahudumia wazee katika makao fulani kaskazini mwa England. Wauguzi walikuwa wamegoma, na kila ukifungua redio unasikia mishahara imeshuka "in real terms". Wenzangu nao waliyatumia maneno hayo kwenye mapumziko ya chai. Mimi nilitaka kujua yananihusu vipi, kwani Aprili 2023 kima cha chini kilikuwa kinapanda kutoka pauni 9.50 kwa saa hadi 10.42.

Wanachopima hapo ni vitu ambavyo pesa inaweza kununua, bila kujali tarakimu iliyoandikwa kwenye hati ya malipo. Wachumi wetu huuita mshahara halisi.

Takwimu za serikali zilipotoka, bei za Machi 2023 zilikuwa juu kwa asilimia 10.1 kuliko za Machi iliyotangulia. Nikachukua simu, nikagawanya 10.42 kwa 1.101, nikapata 9.46. Yaani mshahara mpya ulinunua vitu ambavyo mwaka mmoja nyuma vingenunuliwa kwa pauni 9.46. Nyongeza ya karibu asilimia 10, na bado nilikuwa nyuma kwa peni 4 kila saa!

Na huo ni wastani tu. Vyakula peke yake vilikuwa vimepanda zaidi ya asilimia 19. Mtu wa kima cha chini, ambaye sehemu kubwa ya pesa yake inaishia kwenye chakula na umeme, aliumia kuliko takwimu ile inavyoonyesha. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Aprili 2024 kima kikafika 11.44, na mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.2. Bei zenyewe hazikushuka, ziliendelea kupanda ila polepole. Hesabu ileile ikanipa 11.09, hivyo safari hii nilipata kweli, kama peni 67 kwa saa.

Dada mmoja wa Mombasa niliyekuwa naye zamu za usiku alilipwa juu ya kima cha chini, na yeye aliongezwa asilimia 2 tu. Nikamwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi. Akaipeleka kwa meneja, akaomba angalau asilimia 3.2 ili abaki palepale alipokuwa.