Jani la muwa jichoni

Nilikuwa nakata miwa upande wa Kakira, karibu na Jinja, jani likanichapa jicho la kulia. Nikalipangusa kwa mkono wenye vumbi, nikaendelea. Msimamizi anahesabu mafungu, hahesabu macho.

Siku ya tatu jicho likawa jekundu, linachuruzika machozi, jua silivumilii. Duka la dawa likaniuzia matone yenye steroidi. Hapo ndipo nilipojiponza. Wekundu ulipungua siku mbili, nikamwambia mke wangu nimepona. Kumbe steroidi hutuliza uvimbe huku ikilaza kinga ya jicho, na kama ndani kuna fangasi, inapata nafasi ya kula. Wiki ilipoisha, doa la kijivu lilikuwa limekaa juu ya mboni. Jirani yetu, mama wa Kinubi, akaleta majani ya kukamulia jichoni. "Mwanangu, haya yalimponya mjomba wako." Nilimshukuru, nikayaacha dirishani. Hapo angalau nilikuwa na akili.

Kwenye hospitali ya rufaa, musawo, yaani daktari, wa macho aliniuliza, "Ndugu, kitu gani kilikuingia?" Nilipotaja jani la muwa akaacha kuandika. Alitia tone la rangi, akawasha taa ya buluu, kidonda kikang'aa kijani. Akamwonyesha mke wangu kingo zake zilivyochambuka kama manyoya. Lakini alisema sura peke yake haitoshi kuthibitisha fangasi, lazima akwangue.

Akanitia ganzi ya matone, akashika sindano. "Tazama ukutani, usipepese." Maumivu sikuyasikia, nilisikia mkwaruzo tu, na moyo wangu. Alichokwangua akakipaka kwenye kioo, akakidondoshea potasiamu haidroksaidi, ambayo huyeyusha seli za jicho na kuacha nyuzi za fangasi zikionekana. Nilichungulia hadubini kwa jicho zima: vijiti vyenye matawi, kama mizizi ya nyasi uliyoing'oa sasa hivi.

Yale matone ya dukani aliyatupa kwenye pipa mbele yangu. Akaandika natamaisini ya asilimia 5, matone ya kuua fangasi, na hiyo ndiyo iliyotutoa jasho: hospitalini haikuwepo, shemeji yangu akaipata Kampala.

Tone moja kila saa, mchana na usiku, kwa siku tatu. Simu ililia mpaka watoto wakaizoea. Mke wangu alishika zamu hadi saa nane usiku, mimi nikapokea mpaka kunakucha. Chupa lazima itikiswe kwanza, maana dawa hutuama chini, na ikikauka huacha unga mweupe kama chaki kwenye kope. Nilikuwa naufuta kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Siku ya nne tukapunguziwa matone. Maumivu yalianza kuachia wiki ya pili, na dawa nikaiacha wiki ya sita, kwa idhini ya musawo, si kwa kujiamulia.

Kovu limebaki. Usiku taa za boda zinatawanyika kama nyota. Kazini navaa miwani ya kinga niliyojinunulia. Inajaa jasho, na msimamizi ananiita "Pailoti".