Kahawa ya Bei Mbili, Istanbul

Orodha ya bei ya mgahawa ule, kichochoroni nyuma ya mtaa wa İstiklal, ilikuwa na kahawa ile ile mara mbili. Ya pili bei yake mara nne. Nikauliza kulikoni. Mhudumu akanijibu kwa Kiingereza: hiyo ya pili mashapo yake husomwa, ukaambiwa bahati yako. Lakini kusomewa ni bure, dada, unalipia kahawa tu. Sheria ya mwaka 1925, ile iliyofunga nyumba za tarika za Kisufi Uturuki, ilipiga marufuku na uaguzi, basi fedha yote huingizwa kwenye kikombe. Niliudhika. Mji ule ulishanikamua kwa chumba kisicho na dirisha.

Nikamwambia mimi Mwislamu, ramli siiamini. Akasema hata wao husema usiuamini utabiri, wala usikae bila utabiri. Nikaagiza.

Huko unga wa kahawa huchemshwa na sukari yake na kumiminwa wote. Ukishakunywa, mashapo yamebaki chini. Unafunika kwa kisahani, unazungusha, unapindua, unangoja kipoe.

Akaja mama wa makamo, akakiinua kikombe akakitazama kwa muda mrefu. Samaki, riziki. Ndege, habari. Hayo angemwambia msafiri yeyote. Kisha akagusa weusi uliojikusanya karibu na mkono wa kikombe: hapa ni kwenu, na kuna mtu ana donge moyoni. Ni nani?

Sijui nini kilinifungua kinywa. Nilimweleza habari za dada yangu, na nyumba ya marehemu baba, na maneno yaliyosemwa siku ya kugawa mirathi. Mhudumu akitafsiri huku na huku, chai za watu zikipoa. Yule mama akakiweka kikombe kando, asikitazame tena. Naye alikuwa na kaka yake Izmir, ugomvi wa shamba la mizeituni. Tulikaa mpaka taa zikawashwa.

Msikiti maarufu wa Hagia Sophia nilikwenda, foleni ndefu, basi.

Nilichokuwa nikiwaza ni Mombasa. Kahawa ya barazani kwetu ni ya wanaume: wao na vikombe vyao, kashata na siasa, sisi tunapita na buibui zetu tukisalimia. Istanbul nako migahawa ya kwanza ya kahawa, karne ya 16, ilikuwa ya wanaume. Bei ile bado naiita unyang'anyi. Lakini natamani muuza kahawa wa Mji wa Kale, akipita jioni na dele lake, abishe hodi na mlangoni kwetu, wanawake tukae naye kibarazani mpaka Isha.