Jinsi taichi ilivyonirudishia nguvu za miguu

Nilistaafu ualimu nikiwa na miguu isiyonitii tena: sikuweza kupanda daladala bila kushika kila kilichokuwa karibu, wala kuvaa suruali bila kuegemea ukuta. Nilipokwenda kukaa kwa mwanangu anayefanya biashara Guangzhou, nchini China, niliwakuta wazee wakikusanyika asubuhi na mapema katika bustani ya Yuexiu kufanya taichi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, baadhi yao wakiwa wamenizidi umri, nao walipomaliza walishuka ngazi za bustani ile bila kushika kitu. Nikaomba wanipokee.

Walinifundisha mtindo wa Yang wenye miondoko 24, uliofupishwa mwaka 1956 na mamlaka ya michezo ya China ili watu wa kawaida waumudu. Hata hivyo, kabla ya mwondoko wowote, mzee aliyenipokea alinishughulisha na hatua moja tu: kukunja magoti kidogo, kuhamishia uzito wote kwenye mguu wa nyuma, kisha kuupeleka mbele mguu wa pili na kugusisha kisigino chini bila kuutwisha uzito, kiasi kwamba ningeweza kuunyanyua tena bila kuyumba. Anayetazama huiona kuwa rahisi, lakini anayeifanya polepole huhisi paja likitetemeka. Kwa maoni yangu faida kubwa ya taichi imo humo, kwa sababu mguu mmoja hubeba mwili mzima kwa muda mrefu kuliko tunapotembea, na kifundo cha mguu huzoea kusahihisha kuyumba kungali kudogo.

Niliporudi Tanga niliendelea uani kabla jua halijawa kali, nikiwa na kiti kizito pembeni. Mwondoko wa jogoo wa dhahabu, ambao mtu husimama kwa mguu mmoja, niliufanya kwa kushika kiti, baadaye kwa kukigusa kwa kidole, hadi nikakiacha. Maendeleo niliyapima kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya wazee: unaketi, unakunja mikono kifuani, kisha unasimama na kuketi kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 asiyefikisha mara 12 huhesabiwa kuwa chini ya wastani. Kwa mwanamke wa umri huo ni mara 11. Nilianza nikiwa chini ya kiwango hicho, na sasa nakivuka bila kuhema. Suruali navaa nikiwa nimesimama katikati ya chumba.

Kilichonitia moyo zaidi ni utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Ulihusisha watu 670 wa miaka 70 na zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka, na waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Ndiyo maana nawasihi wazee wenzangu wasikate tamaa katika wiki za mwanzo, na mwenye magoti mabovu asichuchumae sana bali afanye akiwa amesimama wima zaidi, baada ya kumwona daktari.

Taichi peke yake haikunitosha kwa upande wa pumzi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani yanayoongeza mapigo ya moyo, kwa hiyo jioni natembea kwa haraka, na asubuhi naiachia miondoko yangu.