Dereva Kapuliza, Shemeji Hakupuliza

Stendi ya Iringa, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mvua ya rasharasha. Askari wa trafiki akachana kipakiti cha plastiki kwa meno, akatoa kimrija cheupe, akakichomeka kwenye mashine ya kupima ulevi na kumsogezea dereva wetu dirishani. Dereva akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Sifuri. Huku nyuma watu walikuwa wakisonya kwa kucheleweshwa, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Jirani yangu kwenye siti hakusonya. Ni dada wa Mafinga aliyeolewa Uswidi, alikuwa anakwenda kwenye arobaini ya babu yake. "Kule kwetu," akasema (na "kwetu" yenyewe siku hizi ni kule), "kipimo cha mwisho ni miligramu 20 za pombe kwa mililita 100 za damu. Mume wangu akionja bia moja tu, funguo nachukua mimi."

Mzee wa kiti cha mbele akageuka. Kaendesha malori ya Zambia tangu ujana wake. "Ishirini? Zambia ni themanini, na hapa kwetu themanini vilevile."

"Shikamoo mzee," dada akasema. "Mbona huyu kapimwa sifuri?"

"Marahaba. Huyu kabeba roho za watu, mwanangu. Gari la abiria, hata tone halitakiwi. Hiyo themanini ni yenu wenye gari ndogo."

Hilo sikulijua, na leseni ninayo mwaka wa tisa. Dada akaongeza kwamba hata Uingereza ni themanini, ila Uskoti walijitenga Desemba 2014 wakashuka hadi 50. Na Japani, mbali ya kuwa kipimo chao ni 30, abiria anayepanda huku akijua dereva kalewa naye ana kesi, pamoja na aliyemmiminia. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi vilabu vyote vya ulanzi, hii pombe yetu ya mianzi, vingehamia mahabusu!"

Mafinga dada akashuka. Misonobari ikapita, nikasinzia, nikaamshwa na kelele za wauza mahindi ya kuchoma Makambako.

Shemeji alikuwa ananisubiri njia panda ya Njombe na gari lake dogo. Alinikumbatia, nikaisikia: ile harufu ya uchachu wa mwanzi. Macho mekundu kidogo, maneno yamenyooka.

"Shemeji, umekunywa?"

"Ulanzi tu. Kwani ulanzi nao ni pombe? Maji ya mianzi yale."

"Nipe funguo niendeshe mimi."

"Aa, mgeni aendeshe? Dada yako atanielewaje?"

Labda alikuwa chini ya themanini. Labda hakuwa. Hapakuwa na askari, mrija wala mashine, na basi langu lenye dereva wa sifuri lilikuwa limeshaelekea Mbeya. Nikapanda. Huko Japani tungekuwa na kesi wawili.

Kwenye buti kulikuwa na dumu la lita kumi la ulanzi. Kifuniko kakilegeza makusudi, maana ulanzi ukiwa safarini huumuka na dumu likifungwa sana hupasuka. Kila tulipopita tuta lilitoa pumzi, tsss, na povu likachuruzika. Shemeji akawa anapunguza mwendo kwenye matuta, taratibu kabisa, usimwagike.