Risasi za kununua au za kujaza mwenyewe: nilivyoamua

Bei ndiyo iliyonisukuma kufikiria kujaza risasi mwenyewe. Kila nikitoka kulenga shabaha nilikuwa naacha chini maganda matupu ya shaba, na ganda mara nyingi ndilo linalokula pesa kuliko kichwa cha risasi, baruti au kiwashio, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa. Hivyo vitatu ukishafyatua vimekwenda. Ganda linabaki, na likitunzwa linajazwa tena mara kadhaa.

Kabla ya kununua mashine nilikaa na kalamu. Kwa bastola ya milimita 9 hesabu ilinikatisha tamaa: viwanda vinatoa risasi hizo kwa wingi, kwa hiyo nilichookoa kwa kila moja kilikuwa kiduchu, na hapo sijahesabu mizani wala jioni zangu. Wanaofyatua maboksi kwa maboksi wana hesabu nyingine. Mimi si mmoja wao. Za bastola naendelea kununua.

Kwenye bunduki ya kaliba ya .308, yaani upana wa kichwa cha risasi kwa inchi, mambo yalibadilika. Risasi za kiwandani za kulenga mbali ni ghali, na kiwanda hutengeneza kwa ajili ya kila bunduki ya kaliba ile, si yangu. Nikijaza mwenyewe nachagua kichwa na kipimo cha baruti ambacho mtutu wangu unakipenda. Naanzia kiwango cha chini cha kitabu cha vipimo, napanda polepole, cha juu sikivuki. Matundu kwenye karatasi yalisogeleana hadi nikaacha kuwaza bei.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Baruti hupimwa kwa greni, na gramu moja ni zaidi ya greni 15, hivyo mkono ukizubaa kidogo tu kipimo kimeharibika. Redio nazima, simu naiacha chumba kingine. Nikishamimina namulika tochi ndani ya kila ganda. Lisilo na baruti linatisha sawa na lililojazwa mara mbili: kiwashio peke yake kinaweza kusukuma kichwa kikakwama mtutuni, na risasi inayofuata ikaupasua. Maganda yaliyokwisha kutumika napitisha ndani waya wenye ncha iliyopinda. Ukinasa karibu na kitako, ujue ganda limekonda. Nalitupa hata kama kwa nje linang'aa.

Maganda ya chuma sihangaiki nayo, wala yale yenye vitundu viwili kitakoni, maana kiwashio chake hakitoki kwa zana za kawaida. Na soma dhamana ya bunduki yako, pamoja na sheria ya ulipo: watengenezaji wengi hawaitambui dhamana ukitumia risasi za kujaza.

Mwenzangu mmoja mwenye .308 kila mara ananiomba nimjazie. Nakataa. Kipimo kinachokubali kwenye mtutu wangu kinaweza kuwa kikali mno kwa wake. Basi yeye ananunua za dukani, na akimaliza mimi naokota maganda.