Nilivyotibiwa Wasiwasi Nikaweza Tena Kupanda Feri ya Likoni

Kabla ya kufika kwa mwanasaikolojia nilikuwa nimeshapimwa moyo, presha, sukari na tezi ya shingo, na kila kipimo kilirudi salama. Vipimo hivyo havikupotea bure, kwa sababu tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huweza kumletea mtu mapigo ya haraka ya moyo, jasho na kutetemeka, mambo yale yale niliyokuwa nikiyalalamikia, kwa hiyo daktari mwangalifu hulihakikisha hilo kwanza. Aliporidhika, daktari wa zahanati alizipanga karatasi zangu mezani akaniambia kwa upole kwamba yaliyokuwa yakinipata ni mashambulio ya hofu, kwamba ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika, na kwamba tiba yake haipatikani kwa kurudi kila mara kupimwa moyo.

Mimi ni mkaazi wa Likoni, na kazi yangu ya ukarani katika kampuni ya uwakala wa forodha iko ng'ambo ya maji, kisiwani Mombasa, kwa hiyo feri ndiyo njia yangu. Shambulio la kwanza lilinikuta humo, katikati ya maji, nimesimama katika msongamano wa asubuhi: kifua kilibana, vidole vikafa ganzi, masikio yakavuma, nami nikawa na yakini kwamba ninakufa hapo hapo mbele za watu. Tuliposhuka upande wa pili nilikuwa mzima. Tangu siku hiyo nikaanza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, safari ndefu ya matatu zaidi ya moja na nauli juu yake, ilhali mwenda kwa miguu hupanda feri bila malipo na huvuka kwa dakika chache tu. Hofu nayo haikutosheka na feri. Niliacha lifti za ofisini, na siku ya Ijumaa nikawa naswali safu ya mwisho kabisa, karibu na viatu, ili niwe wa kwanza kutoka.

Nyumbani jambo hili lilikuwa na wenyewe. Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa na hakika kwamba nimekumbwa na kitu pale baharini, akaniletea kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani, nikanywa na akamwita sheikh akanisomea. Sina neno baya la kusema juu ya hayo, kwani usiku wa kusomewa nililala vizuri. Hata hivyo asubuhi feri ilikuwa pale pale, na miguu yangu haikukubali.

Kumtafuta mtaalamu kulinichosha kuliko nilivyotarajia. Nilianza kwa kutojua nani ni nani. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo na mazoezi wala haandiki dawa. Mshauri nasaha naye husaidia kwa mazungumzo, ila viwango vya mafunzo vinatofautiana sana kati ya mmoja na mwingine. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili, na mtu ana haki ya kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa. Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya umma iliyoko Port Reitz ilikuwa miongoni mwa njia zilizokuwa wazi kwangu, lakini mke wangu aliogopa maneno ya majirani. Hofu hiyo mimi naiona haina msingi, ingawa naielewa, kwani mtaani kwetu mtu akionekana huko huhesabiwa kuwa amerukwa na akili.

Mshauri wa kwanza niliyekaa naye, ambaye sitamtaja, alikuwa mtu mwema aliyeniambia nipumzike, nisifikirie sana, nimwachie Mungu. Hayo nilikuwa nimeshayasikia nyumbani bila ya kulipia. Nilipoona vikao vinapita na sijui tunaelekea wapi, niliamua kwamba atakayefuata nitamhoji kwa simu kwanza, kama tunavyomhoji msafirishaji kabla ya kumkabidhi kontena. Niliuliza mambo matatu: amejifunza kutibu mashambulio ya hofu kwa njia gani, tutajuaje kama napata nafuu, na kama atanipa kazi ya kufanya baina ya kikao na kikao. Wengine walikerwa na maswali hayo. Mama mmoja mwenye ofisi kisiwani aliyajibu yote bila kusita, akasema hutumia tiba ya utambuzi na tabia, yaani kurekebisha namna mtu anavyoifikiria hofu na anavyotenda inapomjia, na kwamba kazi ya nyumbani ndiyo sehemu kubwa ya tiba yenyewe. Nikamwambia kwamba sitaweza kulipa kila wiki. Tukakubaliana vikao vya kila baada ya wiki mbili, kwa Kiswahili, na baina yake mimi niandike daftari.

Kikao cha kwanza alinipa fomu ya maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali likijibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla isizidi 21. Alama 10 na kuendelea huashiria wasiwasi unaostahili kuchunguzwa zaidi, na zangu zilipita hapo. Fomu hiyo tuliijaza tena mara kwa mara, na nililipenda jambo hilo, maana niliweza kuona kwa macho yangu kama alama zinashuka au hazishuki.

Kisha akanieleza kinachotokea mwilini. Hatari inapohisiwa, hata kama haipo, mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio na pumzi huwa za haraka. Pumzi za haraka hupunguza hewa ya kaboni dioksidi katika damu, na upungufu huo ndio unaoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Mgonjwa akiihisi ganzi huifasiri kuwa dalili ya kifo, hofu huzidi, na ganzi huzidi pamoja nayo. Sikumwamini mpaka aliponiambia nipumue haraka haraka kwa makusudi, nimekaa kwenye kiti chake, akiitazama saa. Vidole vikafa ganzi vile vile, kama ilivyokuwa kwenye feri. Akanyamaza, akaniacha nitazame hali ile ikiondoka yenyewe.

Aliniuliza pia ninaogopa nini hasa. Nilijibu haraka kwamba naogopa feri kuzama, kwa kuwa sisi wa Likoni tumekulia juu ya habari za ajali ya Mtongwe ya Aprili 1994, iliyoua watu zaidi ya 270. Aliendelea kuniuliza kwa utaratibu hadi ikadhihirika kwamba kuzama hakumo: niliogopa kuzimia mbele za watu mahali ambapo siwezi kushuka. Ugunduzi huo ulibadilisha mazoezi yote, kwa sababu hapakuwa na haja ya kunihakikishia usalama wa chombo.

Tukaandika ngazi ya mazoezi, kuanzia jepesi hadi gumu. Chini kabisa ilikuwa kusimama kwenye lango la feri bila kupanda. Juu kabisa, kuvuka saa ya asubuhi nikiwa katikati ya umati, mbali na ukingo. Tatizo lilikuwa kwamba safari yenyewe ni fupi na hofu haipati muda wa kutulia, kwa hiyo alinitaka nivuke, nishuke, nizunguke hadi kwenye foleni na nivuke tena, hadi nichoke kuogopa. Mke wangu alinisindikiza mwanzoni, baadaye akakatazwa. Nikaamrishwa pia kuacha ujanja wangu mmoja mmoja: chupa ya maji mkononi, simu iliyokwisha kupigwa sikioni, na kusimama chini ya maboya ya kuokolea. Chupa ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu zaidi. Sijui kwa nini maji ya chupa yalikuwa kinga kwangu nikiwa nimezungukwa na bahari.

Mazoezi yalipokwama, mwanasaikolojia alinipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, naye akaniandikia sertralini, dawa ya wasiwasi ya kumeza kila siku. Alinionya kwamba mwanzoni wasiwasi unaweza hata kuongezeka, kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, na kwamba nisiiache ghafla. Onyo hilo lilinifaa sana, kwani siku za mwanzo tumbo lilichafuka na usingizi ukapotea, na bila kuambiwa ningeitupa. Rafiki wa kazini alikuwa amenishauri ninunue diazepamu dukani. Daktari alisema hiyo hutuliza upesi lakini mwili huizoea, na mtu anayevuka feri akiwa ameimeza hajifunzi kwamba angevuka bila ya hiyo. Akaniuliza kuhusu vitu vinavyochangamsha mwili: miraa na muguka, ambazo situmii, na kahawa tungu, ambayo nilikuwa nikinywa jioni nzima barazani. Nimebaki na kikombe kimoja na kashata, jambo ambalo wazee wa baraza wanaliona kuwa dharau.

Sasa naivuka feri asubuhi na jioni. Mashambulio hayakukatika kabisa; moja lilinijia wakati wa joto la Machi, feri ikiwa imesimama kusubiri meli ipite, nikalisubiri lipite nalo. Vikao vimebaki kimoja kwa miezi kadhaa. Shangazi anaendelea kunisomea dua, na huhesabu nafuu yote kuwa yake, nami sibishani naye. Kuhusu dawa, daktari amesema tutaipunguza kidogo kidogo nikishakaa muda wa kutosha katika hali hii, mradi isiwe wakati wa kufunga hesabu za mwaka, ambao ofisini kwetu haumwachii mtu usingizi, awe na wasiwasi au asiwe nao.