Hati ya kiwanja changu ilianzia kwenye kura za maoni

Ushauri niliopewa kuhusu hati ungejaza gunia. Mpe mtu wa ardhi chai. Tafuta dalali. Shemeji yangu akasema nisubiri uchaguzi upite, halafu nimbane mwenyekiti mpya wa mtaa. Huo wa shemeji ndio ulioniudhi zaidi, kwa sababu unasikika kama una akili.

Tuko upande wa Kimara, kwenye nyumba tulizojenga tofali kwa tofali juu ya viwanja visivyopimwa, kama wakazi wengi wa Dar. Zile za Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) kule Kawe nimeziona, nzuri kweli, ila nafuu yao na mfuko wangu bado havijatambulishana.

Urasimishaji, yaani kupima viwanja vilivyokwisha kujengwa ili vipate hati, kwetu ulianza kitambo. Bei elekezi ya serikali ilikuwa Sh150,000 kwa kiwanja, tukachanga, kampuni ikaja, ikapaka alama nyekundu ukutani, ikayeyuka. Baadaye tukaambiwa mchoro wa mipango miji hauwezi kupita, njia yetu ni nyembamba mno. Na ukuta uliotokeza njiani kuliko zote ulikuwa wa mzee aliyeutaka uenyekiti!

Sasa hesabu niliyopiga ni hii. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27, 2024, kampeni wiki moja tu. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa mapema, na CCM ikazoa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchi nzima. Mtu akishapitishwa na chama, Novemba hana shida na kura yako. Shida anayo Oktoba kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kuchuja wagombea, anapogombana na wenzake, na wanaopiga kura hizo ni wanachama wa pale pale mtaani. Mimi sina kadi ya chama chochote. Ila daftari la kikoba nashika mimi, na nusu ya mama zangu wa kikoba wanazo.

Mzee akaomba kuja kutusalimia. Karibu sana baba. Akakodi viti kwa pesa yake, vikaja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva nikamwambia apite njia ya chini. Alijua haipitiki, akanitazama, nikamwongezea ya soda. Alipofika kwenye ukuta wa mzee, kioo cha pembeni kikakwaruza, gari ikanasa, mbele haiendi wala nyuma. Mama zangu wakashusha viti, wakavibeba kichwani kimoja kimoja mbele ya mwenye ukuta, kila mmoja na neno lake. Mmoja akauliza kwa sauti, "Na jeneza je, litapitaje hapa?"

Hapo nikatoa futi ya fundi. Mita mbili na vidole. Mchoro ulitaka nne. Nikamwambia, "Baba, sisi hatuna ugomvi na wewe, tunakuomba tu uwe wa kwanza kubomoa."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, maana mpinzani wake alikuwa ameshapata habari na aliahidi kuja kesho yake. Kabla ya kura za maoni mafundi walikuwa wanapiga nyundo. Majirani waliojificha nyuma ya "kwanza yeye" wakaishiwa maneno.

Alishinda, na sina kinyongo, kwa sababu mkutano aliuitisha, kamati mpya ikachaguliwa, kampuni nyingine ikapatikana. Mengine ni ya kawaida: muhtasari, mihuri, kulipia. Jumla imenitoka kama laki tano na ushee, soda na kirikuu sijavihesabu. Risiti za ile kampuni ya kwanza zitunzeni, sisi zilitusaidia wakati wa kupatana bei na ya pili.

Hati ninayo, miaka 99. Na bikoni za mipaka zikishapandwa, mwagieni zege pembeni siku hiyo hiyo. Kwetu mbili ziling'olewa kabla ya jioni, moja nikaikuta imekaliwa na muuza mihogo.